Vioo Vinavyopanda Vyenyewe Gari Linapofungwa

Mfumo wa kupandisha vioo gari linapofungwa una kazi moja tu. Dereva anabonyeza kitufe cha kufunga kwenye rimoti, milango inajifunga, kisha vioo vyote vilivyoachwa wazi vinapanda hadi juu bila mtu kurudi ndani ya gari. Magari machache huja na uwezo huo kutoka kiwandani. Mengi, hasa yale yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, huongezewa mfumo huo na fundi umeme kwa kikasha kidogo kinachofichwa nyuma ya dashibodi.

Katika miji ya pwani mtu huacha kioo wazi kwa sababu ya joto. Mbeya na Iringa joto si hoja kubwa: Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa nayo inazidi mita 1,500. Hoja huku ni mvua na vumbi. Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei, na siku nyingi zina mtindo mmoja: asubuhi jua, mchana mawingu yanajikusanya, alasiri maji yanamwagika. Aliyeegesha Mwanjelwa, Mbeya, saa nne asubuhi akaacha kioo kimeshuka vidole vinne, anarudi saa tisa na kukuta kiti kimelowa. Anayekwenda Tukuyu hana hata nafasi ya kukisia, kwa kuwa upande huo wa Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi kinachouweka miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Iringa haina mvua ya kiasi hicho, lakini kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa kilimani hupeperusha vumbi jekundu, nalo huingia penye upenyo wowote.

Kiti kilicholowa kitakauka. Kinachoumia zaidi ni swichi ya dereva, ile yenye vitufe vya vioo vyote. Imewekwa kwenye mkono wa mlango, chini tu ya kioo chenyewe, ikitazama juu. Kioo kikiachwa wazi, matone ya kwanza ya mvua huangukia pale pale. Maji yakishaingia ndani ya swichi, vigusio vya shaba vinaota kutu ya kijani, na baada ya majuma machache kioo cha abiria kinaanza kupanda pale kinapotaka. Sehemu kubwa ya swichi zinazofunguliwa kwa sababu “kioo kimekufa” zina historia ya maji, ya mvua au ya kuosha gari.

Kikasha hakiwezi kueleweka kabla ya kujua kioo chenyewe kinapandaje. Ndani ya mlango kuna mota ndogo ya volti 12 inayosukuma mkono wa chuma au kuvuta kebo nyembamba, na huo mkono au kebo ndiyo inayobeba kioo. Mota ina waya mbili. Umeme ukiingia kwa waya ya kwanza na kutokea ya pili, kioo kinapanda. Ukiingia kwa ya pili na kutokea ya kwanza, kinashuka. Katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 na 2000, swichi ikiwa haijaguswa waya zote mbili hukaa zimeunganishwa na ethi, yaani upande wa hasi. Kubonyeza kitufe ni kuiondoa waya moja kwenye ethi na kuipa moto, yaani umeme wa upande wa chanya, huku nyingine ikibaki kwenye ethi ili umeme upate njia ya kurudi. Jambo hili dogo ndilo linalotenganisha kazi nzuri na kazi itakayounguza swichi.

Jambo la pili ni kwamba ufunguo ukizimwa, vioo hunyimwa umeme. Toyota nyingi huviachia muda mfupi, chini ya dakika moja, na muda huo hukatika mara tu mlango wa mbele unapofunguliwa. Kwa hiyo dereva anapofika nje na kubonyeza rimoti, vioo havina umeme. Mfumo wowote wa kuvipandisha wakati huo lazima ulete umeme wake kutoka kwenye betri, au uiamshe kompyuta ya gari iufungulie.

Kabla ya kununua chochote, inafaa kujua kama gari halina uwezo huo tayari. Volkswagen, BMW na Mercedes-Benz nyingi hupandisha vioo mtu akishikilia kitufe cha kufunga cha rimoti bila kukiachia, au akiushikilia ufunguo kwenye kitasa cha mlango wa dereva upande wa kufunga. Baadhi ya Toyota, hasa zile za daraja la juu, zina njia hiyo ya ufunguo wa kitasani, ila mara nyingi huwa imezimwa kiwandani na huwashwa kwa kifaa cha kusomea kompyuta ya gari. Jaribio halina gharama: kioo kishushwe nusu, gari lizimwe, milango ifungwe, ufunguo utiwe kitasani, ugeuzwe upande wa kufunga na ushikiliwe hapo kwa sekunde tatu au nne. Kitabu cha gari kingeeleza haya yote, lakini magari yaliyotengenezewa soko la Japani huja na kitabu cha Kijapani, na wengi hukitupia kwenye droo ya dashibodi kisitazamwe tena. Siku hizi kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri inatosha kuipata sura ya vioo.

Gari likiwa halina uwezo huo, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kikasha kinachochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, ile ile ambamo fundi huchomeka mashine ya kusomea hitilafu. Kikasha hicho husikiliza mawasiliano ya kompyuta za gari. Kikisikia amri ya kufunga milango, kinatoa amri ya kupandisha vioo. Hakuna waya inayokatwa, na mwenye gari anaweza kukichomoa siku ya kuuza. Kasoro yake ni kwamba kinafaa tu gari ambalo vioo vyake vyote vinaendeshwa na kompyuta, na lazima kiwe kimetengenezewa modeli ile ile na miaka ile ile. Cha Corolla ya mwaka 2010 hakina habari na IST ya mwaka 2003, hata kama soketi zinalingana na muuzaji anaapa.

Njia ya pili, ambayo ndiyo hasa ya magari yanayoonekana Kabwe, Soweto na Uyole kwa upande wa Mbeya, au Miyomboni na Kihesa kwa upande wa Iringa, ni kikasha cha waya. Hiki huingia kati ya swichi na mota. Mara nyingi huenda sambamba na alam, kwa sababu alam nyingi zina waya maalumu ya kutolea ishara ya vioo: gari likifungwa, waya hiyo hushikwa kwenye ethi kwa sekunde 20 au 30, na kikasha kinaitumia kama amri ya kuanza.

Kazi ya waya huanza kwa testa. Fundi anafungua plastiki ya pembeni mwa miguu ya dereva, upande wa kulia, ambako mkonga wa waya unatoka mlangoni na kuingia kwenye bodi. Hapo zinapita waya za vioo vitatu vya abiria, kwa kuwa swichi ya dereva ndiyo inayovitawala; za kioo cha dereva hubaki ndani ya mlango wake, na hutafutwa humo. Kwa kila kioo anatafuta waya inayowasha taa ya testa kitufe kinapobonyezwa kupandisha, na isiyowaka kinaposhushwa. Hiyo ndiyo waya ya kupandisha, na hiyo ndiyo ya kukatwa. Upande unaotoka kwenye swichi unaingia kwenye kikasha, na upande unaokwenda kwenye mota unatoka kwenye kikasha. Ndani kuna rilei. Ikiwa imelala, inaziunganisha pande hizo mbili kama vile waya haikukatwa, na swichi inafanya kazi kama zamani. Amri ya kufunga ikija, rilei inaitenga swichi na kuipa mota moto kutoka kwenye betri. Umeme unapita kwenye mota na kurudi kwa waya ya kushusha, ambayo swichi bado imeishikilia kwenye ethi.

Fundi mwenye haraka huruka hatua ya kukata. Anaichuna waya ya kupandisha, anaidandia na kuipa moto moja kwa moja. Lakini swichi iliyotulia imeishikilia waya hiyo hiyo kwenye ethi, kwa hiyo moto unakwenda ethi bila hata kupita kwenye mota. Bahati ikiwa nzuri fyuzi inakatika papo hapo. Ikiwa mbaya, fyuzi iliyowekwa ni kubwa kupita kiasi na kinachoungua ni njia za shaba ndani ya swichi. Mwenye gari akisikia kwamba vioo “vimekataa alam”, mara nyingi hili ndilo lililotokea.

Mota moja ya kioo hula kati ya ampia 5 na 10 ikiwa inatembea, na inaweza kuvuka 15 kioo kinapofika juu na kukwama. Ndiyo maana vikasha vizuri havipandishi vioo vyote kwa mpigo, bali kimoja kimoja au viwili viwili, na kazi nzima huisha ndani ya nusu dakika. Waya ya moto inayolisha kikasha itoke kwenye betri yenyewe, iwe nene, na iwe na fyuzi yake karibu kabisa na betri. Fyuzi ikiwekwa mwisho wa safari, karibu na kikasha, waya yote inayopita kwenye bodi inabaki bila ulinzi. Ikichubuliwa na bati, moto wake ni wa kweli. Viungio vifungwe kwa risasi na kuvikwa mpira wa kusinyaa. Kusokota waya na kuzungushia tepu kunaridhisha siku ya kulipa, lakini gundi ya tepu huachia kwa jua, na kwa gari linalopita kila siku kwenye barabara za mawe, mtikisiko humaliza kilichobaki.

Swali linalofuata ni kikasha kipate amri wapi. Njia rahisi ni kukiunganisha na waya ya mota ya loki, kwamba milango ikifungwa tu vioo vipande. Hapo pana mtego. Magari mengi, na alam nyingi pia, hufunga milango yenyewe gari likishaanza kutembea au ufunguo ukiwashwa. Kikasha kilichodandia waya ya loki kitapandisha vioo wakati gari linaondoka kituoni, mkono wa mtoto wa nyuma ukiwa bado nje unapunga. Kwa hiyo kikasha kinahitaji pia waya inayokiambia kama ufunguo umewashwa, na kikiona umewashwa kilale. Vikasha vingi vina waya hiyo. Fundi asiyeiunganisha huwa hajaisoma karatasi ya maelekezo, au hakuiona kabisa kwa kuwa ilitupwa na boksi.

Magari ya karibuni yana ugumu mwingine. Kioo cha dereva chenye neno AUTO la kupanda na kushuka kwa mguso mmoja mara nyingi kina mota yenye kompyuta yake ndani. Waya za swichi yake hazibebi umeme wa mota, zinabeba ishara tu, na ukizipa moto wa betri unaweza kuiua kompyuta hiyo. Kioo hicho huunganishwa kwa namna yake, na fundi asiye na mchoro wa gari husika ni bora akiache kipandishwe kwa kidole. Vilevile, betri ikichomolewa wakati wa kazi, kioo cha namna hiyo husahau kilipokuwa kinakomea. Dawa yake katika Toyota nyingi ni kukishusha hadi chini, kukipandisha hadi juu, kisha kuendelea kushikilia kitufe kwa sekunde chache.

Hadi hapo ni habari ya umeme. Kinachoharibu mfumo huu katika Nyanda za Juu Kusini, hata hivyo, ni raba kuliko umeme. Kikasha hujua kwamba kioo kimefika juu kwa kupima umeme: mota ikikwama, ampia hupanda ghafla, nacho kinakata. Sasa kioo cha gari lenye miaka 15 au 20 hupanda ndani ya mfereji wa raba uliokauka na kujaa vumbi. Pale kinapobana, mota inakazana, ampia zinapanda, na kikasha kinaamini kazi imekwisha. Mwenye gari anaondoka akiwa na imani yote, kumbe kioo kimesimama robo tatu. Hali huwa mbaya zaidi asubuhi za Juni na Julai, raba zikiwa ngumu kwa baridi, grisi ndani ya mlango imeganda, na betri nayo imepungua nguvu. Vipo vikasha vinavyofuata muda badala ya ampia, yaani huipa kila mota sekunde 8 au 10 hata iweje. Vikasha hivyo humaliza kupandisha kioo kizito, lakini kila siku huisukuma mota kwa sekunde kadhaa baada ya kioo kufika juu, na mota ya zamani haivumilii hilo kwa miaka mingi.

Ndiyo maana kazi ya kwanza, kabla ya kikasha, ni kupima kioo kwa saa. Injini ikiwa inaunguruma, kioo kizima hupanda kwa sekunde tatu hadi tano. Kinachochukua sekunde nane, au kinachopinda upande mmoja kikipanda, au kinachohitaji kusaidiwa kwa kiganja, kina ugonjwa wake. Mfereji wa raba usafishwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kilichozungushiwa bisibisi bapa, uachwe ukauke, kisha upuliziwe silikoni. Mafuta ya injini na grisi ya kawaida hayafai hapo: hula raba, na yakikutana na vumbi jekundu la Iringa au lile vumbi jepesi la kivolkano la Mbeya hugeuka kuwa msasa. Mahali pengine pa kutazama ni ule mpira uliokunjana unaopitisha waya kati ya mlango na bodi. Waya za humo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na katika magari ya miaka mingi hukatika ndani huku ngozi yake ikionekana nzima. Gari ambalo kioo chake hufanya kazi mlango ukiwa wazi na kugoma ukifungwa lina tatizo hapo, na hakuna kikasha kitakacholiponya.

Suala zito kuliko yote ni usalama wa watu. Kioo cha umeme kina nguvu ya kutosha kuvunja kidole cha mtoto na kumkaba shingo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya, na zile za Marekani, zinataka kioo kinachojipandisha bila kidole cha mtu juu ya kitufe kirudi chini kabla msukumo wake haujazidi nyutoni 100, sawa na uzito wa kilo 10 hivi. Kwa kioo kisicho na uwezo wa kurudi, kanuni ya Marekani inaruhusu rimoti kukipandisha kwa sharti kwamba mtu aendelee kushikilia kitufe muda wote, tena akiwa karibu: mita 6, au 11 pale ambapo rimoti haifanyi kazi bila gari kuonekana. Vikasha vinavyouzwa madukani huku kwa kawaida havina ulinzi wa kiwango hicho. Kupima ampia kunaweza kukisimamisha kioo, lakini kukisimamisha si kukirudisha chini, na kidole kilichobanwa hubaki kimebanwa. Katika magari mengi ya Kijapani ya umri wa kati ni kioo cha dereva peke yake chenye ulinzi wa kiwandani. Vile vya nyuma, wanakokaa watoto, havina.

Kwa familia, basi, mpangilio wa kushikilia kitufe ni bora kuliko ule wa kujipandisha kwa mguso mmoja, hata kama unachosha. Mtu akikiachia, vioo vinasimama. Baada ya kufungiwa mfumo, kila kioo kijaribiwe kwa kiazi mviringo, kitu kisichokosekana Mbeya: kiazi kilazwe kwenye ukingo wa juu wa kioo kilichoshushwa nusu, kisha gari lifungwe kwa rimoti. Kioo kikikiponda au kukikata, mwenye gari ameshajua kitakachotokea kwa vidole. Kutoka hapo sheria ya nyumbani ni moja: hakuna kubonyeza rimoti bila kulitazama gari, na hakuna kumwachia mtoto ufunguo achezee.

Betri huogopwa zaidi ya inavyostahili. Kupandisha vioo vinne, hata kwa ampia 10 kila kimoja kwa sekunde tano, hula chini ya sehemu moja ya kumi ya ampia-saa. Kwa betri ya ampia-saa 45 hiyo si kitu. Kinachokula ni kusubiri. Alam na kikasha vikinyonya pamoja miliampia 20 usiku na mchana, mwezi mmoja unaondoka na zaidi ya ampia-saa 14, karibu theluthi ya betri. Anayeacha gari kwa muda mrefu, mathalani mfanyakazi anayesafiri na kuliacha limeegeshwa, achomoe waya ya hasi ya betri.

Si kila gari linalohitaji haya. Land Cruiser za kazi, Hilux za zamani na magari mengi ya mizigo yana vioo vya kuzungusha kwa mkono, na kuvibadilisha kwanza viwe vya umeme ili baadaye vipandishwe na rimoti ni kuchezea fedha. Magari mengi kutoka Japani nayo yana vipande vya plastiki nyeusi juu ya madirisha, vinavyomruhusu mtu kuacha upenyo wa kidole kimoja bila mvua ya wastani kuingia. Kwa mwenye tabia ya kuacha upenyo huo kwa makusudi, mfumo wa kufunga vioo utakuwa unambishia kila siku.

Kwa wengine wote kikasha kina faida, kikifungwa kwa mpangilio: raba na mota kwanza, waya zikatwe pale zinapotakiwa kukatwa, amri itoke kwenye alam na si kwenye loki, fyuzi iwe karibu na betri. Gari ambalo kioo chake kimoja bado kinapanda kwa kusukumwa na kiganja halijafikia hatua ya kufungiwa kikasha. Fedha hiyo inunue raba.